Kabati Lisilo na Kufuli

Siku ya pili ya msiba wa Madam nilikuwa nimekaa na akina mama nyuma ya nyumba yake, pale Mpanda, tunachambua mchele, niliposikia mtu anaita kutoka jikoni, "Eufrasia, lete lile sufuria kubwa." Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Eufrasia lilikuwa jina la marehemu, na tangu tufike pale sikumsikia yeyote akilitamka isipokuwa padri. Binti mmoja mrefu, kitenge amekifunga kiunoni, akaitika "Abee" na kuinuka. Nikamwuliza mama aliyekaa karibu yangu huyo ni mtoto wa nani. "Wa Maduhu," akasema, "yule Msukuma wa Litapunga aliyefanya kazi na marehemu zamani. Alimpa mwanaye jina la mkubwa wake." Nikageuka kutazama upande wa wanaume. Maduhu alikuwa kwenye kiti cha plastiki, nywele zimekuwa nyeupe kuliko nilivyotarajia, anamsikiliza mtu kwa utulivu wake uleule. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Sikuweza kuendelea na mchele. Niliomba udhuru, nikaenda kukaa kwenye ngazi za uani, na mwaka wote ule ukanirudia.

Nilifika Mpanda wakati Katavi haijawa mkoa bado. Tulihesabiwa watu wa Rukwa, na umeme ulikuwa wa jenereta, unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Nilishuka kwenye treni ya Tabora na sanduku moja na cheti cha ufundi wa maabara, nikapanga chumba Makanyagio, nikaanza kazi kwenye maabara ndogo ya mtu binafsi iliyopima dhahabu. Wachimbaji walituletea mawe na michanga kutoka machimbo ya kuzunguka, na sisi tukawaambia humo ndani mna dhahabu kiasi gani. Nyumba yenyewe ilikuwa imejengwa na mnunuzi wa tumbaku. Siku za mvua kuta za stoo zilitoa harufu ya tumbaku mpaka ukajiona umekaa ndani ya kiko cha mzee. Kulikuwa na chumba cha tanuri, chekundu kwa vumbi na joto, ambacho mtu alitoka humo amelowa kama aliyeoga na nguo. Kulikuwa na chumba cha maji, chenye meza ya saruji na feni kubwa ukutani ya kuvuta hewa nje. Huko ndiko Maduhu alikofanya kazi na chupa za asidi. Na kulikuwa na ofisi ya Madam, chumba cha katikati ambacho jua halikukigusa upande wowote, na kwa sababu hiyo ndicho kilichokuwa na ubaridi kuliko vyote.

Madam alikuwa mkemia wetu mkuu, mwanamke mfupi wa Kifipa aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu. Wiki ya kwanza alinikalisha ofisini kwake akanieleza juu ya sayanaidi, ambayo wenye mitambo huitumia kuyeyusha dhahabu iliyomo kwenye mchanga. Aliniambia kwamba ikikutana na asidi inatoa gesi isiyoonekana, na mtu akiivuta hiyo gesi anakuwa kama aliyekabwa ilhali hewa imemjaa kifuani, kwa sababu mwili unashindwa kuitumia. "Haingoji uende hospitali ukapange foleni," alisema. "Kwa hiyo dawa yake inatusubiri sisi hapa, si sisi tuisubiri." Kisha akanionyesha kabati dogo jeupe lililokuwa chini ya dirisha la ndani. Humo mlikuwa na mtungi wa oksijeni na barakoa yake, kinyago cha gesi chenye kichujio, mipira ya dripu, chupa ya dawa ya zamani inayofanya kazi taratibu, na boksi moja la dawa mpya, unga mwekundu uliokaa ndani ya chupa ya kioo kama pilipili iliyosagwa. Dozi ya mtu mmoja. Boksi hilo lilitoka Dar es Salaam, na kulipata kulimgharimu Madam mwaka mzima wa kubembeleza. Kuanzia siku ile kabati lile likawa kazi yangu. Kila asubuhi nilisoma kipimajoto kilichokuwa ndani yake, nikafungua mtungi kidogo nisikie kama bado una pumzi, nikaangalia mipira kama haijaanza kunata kwa joto.

Ukuta kati ya stoo na ofisi ulikuwa mwembamba, na hivyo ndivyo nilivyosikia ugomvi wa kufuli. Mwenye maabara, ambaye wote tulimwita Bosi, alikuwa mtu wa haraka na si mtu mbaya. Alikuja siku moja na kufuli jipya mkononi, akasema dawa inayotafutwa kwa taabu namna ile haiwezi kukaa wazi kwenye nyumba ambayo watu wanaingia na kutoka. "Na ufunguo atakaa nao nani?" Madam akamwuliza. Bosi akasema utakaa naye mwenyewe Madam. "Na nikianguka mimi?" Nilisikia kiti kikisogezwa. "Basi utakaa na Vero," Bosi akasema, akinitaja mimi. "Na Vero akiwa ameenda sokoni? Mzee wangu, dawa ya dharura haifungwi kufuli. Ukiogopa wezi, ongeza mlinzi." Bosi aliondoka na kufuli lake. Nakumbuka nilibaki nimeshika mfuko wa mchanga, kwa sababu nilikuwa sijawahi kusikia mwanamke akimwambia mwajiri wake hapana kwa sauti ya upole kiasi kile.

Chakula tulikula kwenye varanda ya nyuma, kamwe si ndani, na kabla ya kula Madam alisimama kwenye bomba akitutazama tunavyonawa mpaka kwenye viwiko. Mara nyingi ulikuwa ugali na maharage ya Mwese. Siku gari la Ikola likifika mapema tulipata migebuka, samaki wa ziwani, Madam akaikaanga mwenyewe kwenye jiko la mkaa kwa chumvi na limau bila kumruhusu mtu amsaidie. Maduhu alikuja kila siku na kibuyu cha maziwa kutoka kwao Litapunga, ambako baba yake alihamia na ng'ombe akitokea Shinyanga. Alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mpole, aliyeamini kabisa kwamba mtu akinywa maziwa asubuhi hakuna sumu itakayomgusa. "Madam, sisi hata nyoka akikuuma, maziwa," alisema. Madam akamjibu, "Maziwa ni chakula, Maduhu. Kunywa, unenepe. Ila ukianguka kwenye chumba changu sitakupa maziwa, nitakupa hewa." Tulicheka. Mimi nilikunywa yale maziwa kila siku na sijawahi kupata mengine matamu kama yale, na bado sikuwa na uhakika nani kati yao alikuwa sahihi.

Ijumaa baada ya kula tulifanya mazoezi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na zahanati, na mganga wake, Dokta Salumu, kijana mwembamba wa Ujiji aliyeswali swala zake tano na kupenda mpira kupita kiasi, alikuwa amekubaliana na Madam kwamba akisikia firimbi ya mlinzi wetu ataacha kila kitu aje. Kwa hiyo Ijumaa mlinzi alipuliza, Dokta akavuka barabara na mkoba wake, na Maduhu akajilaza sakafuni kuwa mgonjwa. Alipenda sana kazi hiyo. Kuna siku alisinzia kwelikweli, akakoroma, na Dokta akasema huyu apelekwe kwao, hana ugonjwa. Lakini Madam hakuwa na mzaha juu ya mambo mawili. La kwanza: ukimwona mwenzako kaanguka ndani, usimkimbilie. Vaa kinyago kwanza, fungua milango na madirisha, ndipo uingie. "Ukiingia bila kinyago hujaokoa mtu," alisema, "umeongeza maiti." La pili lilihusu lile boksi moja. "Wakianguka wawili, anayepumua mwenyewe anasubiri. Mnanisikia nyie? Hamuangalii ni nani. Mnaangalia kifua chake." Tuliitikia wote kama watoto wa shule.

Ilitokea mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, wakati joto la Mpanda linakaa juu ya mabati kama mtu aliyekuja kudai. Mteja mmoja, mgeni kwetu, alileta dumu la maji, akasema ni maji ya kisima cha machimboni, anataka tumpimie kama yana madini. Hayakuwa maji ya kisima. Yalikuwa yametoka kwenye mtambo wa sayanaidi uliokuwa ukifanya kazi kwa siri, na yule mtu aliogopa kusema. Maji ya kisima tuliyatia asidi kabla ya kuyapima, ndio ulikuwa utaratibu. Maduhu akamimina maji kwenye bika kubwa la kioo, akatia asidi kama alivyofanya siku zote, na katika dakika ileile umeme ukakatika na feni ya ukutani ikasimama.

Mimi nilikuwa varandani naosha vyombo vya chakula. Nilisikia kioo kikivunjika, kisha kitu kizito kikaanguka. Nilipofika kwenye korido nikamwona Madam mbele yangu, anatoka ofisini kwake, na kabla sijafungua mdomo akawa ameshaingia chumba cha maji. Bila kinyago. Madam mwenyewe. Nilifika mlangoni nikamwona ameinama, amemshika Maduhu kwapani, anamvuta, mwili ule mkubwa unasogea kidogo kidogo kwenye saruji. Alimfikisha karibu na kizingiti. Hapo magoti yake yakalegea, akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka njiani.

Kila kitu ndani yangu kilitaka kuwarukia. Walikuwa karibu kiasi kwamba ningeinama na kunyoosha mkono ningeshika nguo yake. Nikageuka nikawapa mgongo. Mpaka leo nikiwaeleza vijana jambo hilo, huo mgeuko ndio unaonipa shida kuueleza. Nilikimbia ofisini, nikavuta mlango wa kabati, nikavaa kinyago, nikakaza mikanda kama tulivyofanya kila Ijumaa, nikapaza sauti kwa mlinzi apige firimbi, nikafungua mlango wa nje wa korido, ndipo nikarudi. Nilimtoa Madam kwanza kwa sababu ndiye aliyeziba njia. Mlinzi alijifunga kitambaa usoni akataka kuingia, nikamzuia kwa mkono. Maduhu nilimvuta mwenyewe mpaka nje, uani, kwenye upepo, na sijui nguvu zile zilitoka wapi.

Dokta Salumu alikuwa ameshafika. Maduhu alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, kisha kutetemeka kukakoma na kifua kikakoma pia. Dokta akamvua shati lililolowa, akamwekea barakoa ya oksijeni niliyoitoa kabatini na kuanza kumsukumia hewa. Madam alikuwa amelala ubavu, anahema kwa kasi, midomo imepauka, lakini anahema. Nililileta boksi. Nilikuwa nimelishika mikononi na nikajikuta namtazama yeye, mwanamke aliyenifundisha kila kitu nilichokijua, na miguu yangu ikawa inaelekea kwake. Aliniona. Hakuweza kusema. Aliinua mkono kutoka ardhini akanyoosha kidole kwa Maduhu, akauacha pale juu, ukitikisika, mpaka nilipogeuka.

Ile dawa mpya haitikiswi. Unamimina maji ya chumvi ya dripu kwenye chupa ya unga, kisha unaigeuza juu chini, juu chini, polepole, mpaka unga wote uyeyuke, maana ukiitikisa inatoka povu. Nimefanya mambo mengi magumu maishani, nimezaa, nimezika, lakini sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kama kugeuza chupa polepole huku mtu akifa mbele yangu. Dokta alikuwa anatafuta mshipa huku mlinzi akiendelea kuisukuma hewa kama alivyoelekezwa. Jirani mmoja, mama aliyeuza maandazi kando ya barabara, akaja mbio na kibuyu cha Maduhu mwenyewe, maziwa yanamwagika. "Mnywesheni, mnywesheni haraka," alisema. Nikamwambia, "Mama, hawezi kumeza, yatamwingia mapafuni." "Unamnyima maziwa mtoto wa watu?" Alianza kulia. Dokta, bila kuinua kichwa, akamwambia kwa upole, "Yashike hayo, dada yangu. Akiamka atayanywa." Na mshipa ukapatikana. Dawa ikaanza kushuka kwenye mpira, nyekundu iliyoiva kama juisi ya rozela, na mimi nikawa nimepiga magoti nimeishika chupa juu, mkono umekufa ganzi, nikihesabu kitu ambacho hakina namba.

Kifua cha Maduhu kilirudi chenyewe kabla chupa haijaisha. Kwanza mara moja, kama mtu anayeshtuka usingizini. Kisha tena. Dokta akaniangalia, akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ndogo sana, akahamia kwa Madam na ile dawa ya zamani inayokwenda taratibu. Jioni wote wawili walikuwa wamelala zahanati, vitanda viwili vimekaribiana.

Kesho yake mama yake Maduhu alifika kutoka Litapunga kwa baiskeli, amebebwa na mdogo wake. Alipomwona mwanaye akapiga ukelele. Hakuna aliyekuwa amemwonya kwamba ile dawa inampaka mtu rangi. Maduhu alikuwa mwekundu usoni, viganjani, hata mkojo wake ulikuwa kama damu. Dokta akamweleza kwamba ni rangi ya dawa tu na itaondoka, na Maduhu mwenyewe akamweleza tena kwa Kisukuma huku akicheka kwa udhaifu. Mama alipoelewa akataka kujua ni nani aliyemwokoa mwanaye. Maduhu akamwonyesha Madam. Madam, kichwa kikimuuma kiasi cha kufumba macho, akasema, "Si mimi, ni Dokta." Dokta akasema, "Mimi nilikuta dawa iko tayari, ni Vero." Nami nikasema ni Madam. Yule mama akatutazama mmoja mmoja. "Basi wabeja mwe bose," akasema, asanteni nyie wote, akaketi sakafuni katikati ya vitanda viwili, akafungua kikapu chake na kuanza kutugawia viazi vitamu na karanga, sote, pamoja na mlinzi.

Madam alikaa wiki nyingi na maumivu ya kichwa, na mkono wake wa kulia ulitetemeka hata asiweze kushika kijiko vizuri. Lakini jambo la kwanza alilofanya aliporudi ofisini ni kusimamisha kazi zote za sayanaidi na maji ya machimboni. Nilisikia tena kupitia ukuta ule. Bosi alisema wateja watahama. "Wahame," Madam akajibu. "Kabati ni tupu." Bosi akasema ajali kama ile haiwezi kutokea mara mbili. Madam akasema, "Maduhu yuko hapo nje. Mwite umwambie wewe." Bosi hakumwita. Kisha nikasikia sauti yake imebadilika, akasema hata yeye halali tangu siku ile. Wiki iliyofuata alipanda treni mwenyewe. Aliporudi kutoka Dar es Salaam alikuwa ameyapakata maboksi mawili ya dawa mapajani safari yote, hakuyaweka hata kwenye rafu ya mizigo. Nimeisimulia sana habari ya Madam, lakini huwa sisahau kumtaja na Bosi. Watu wachache hubadilika mbele ya wale waliowakatalia.

Mwisho wa mwaka ule nilipata nafasi ya masomo Dodoma, nikaondoka. Kazi yangu tangu hapo imekuwa hiyohiyo: kwenda kwenye maabara za watu na kuwauliza dawa yenu iko wapi, nani anajua kuichanganya, mganga wa karibu ni nani. Madam aliniambia jambo moja tu kuhusu siku ile, siku ya kuniaga. "Ulitugeuzia mgongo," alisema, "ndiyo maana tuko watatu." Lakini sikuwahi kuthubutu kumwuliza lile lililokuwa likinisumbua: kwa nini yeye, aliyetufundisha tusikimbilie, alikimbilia. Nimewafundisha mamia ya vijana kanuni yake, na kila mara nilipoitamka nilimwona anaingia mlango ule.

Nilikuwa bado kwenye ngazi za uani Maduhu aliponifuata na sahani mbili za wali. Tulisalimiana kwa muda mrefu, tukaulizana watoto. Kisha nikamwuliza yeye. Akala tonge moja, akatafakari.

"Nilimwuliza," akasema. "Usiku ule zahanati, wewe umekwenda kulala. Nikamwambia, Madam, mbona ulivunja sheria yako?"

"Akasemaje?"

"Akasema akiwa mlangoni aliona miguu yangu inatetemeka, akabana pumzi. Akasema, 'Nilidhani itanitosha, Maduhu. Ilinitosha kukufikia. Ya kurudi ndiyo haikuwepo.'"

Ndani walianza kuimba, na binti yake akapita mbele yetu na ndoo ya maji kichwani. Maduhu akamtazama mpaka alipoingia jikoni, akanisogezea sahani yangu, akasema, "Kula, dada Vero. Wali unapoa."